Kisima Ambacho Hakikuwa Katika Ramani

Hotuba kwa kikao cha wakazi, wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Mijikenda) na wavuvi, Kaunti ya Kwale

Wazee wangu, mama zetu, viongozi wa dini, wavuvi, na hasa kina mama mliokubali kuyakosa maji ya bamvua ya leo ili mje kukaa chini ya mwembe huu, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuyapendekeza maeneo na majengo yetu ili yapate ulinzi wa sheria kama mali ya jamii. Nitaeleza sheria, lakini naomba nianze na kisima.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi ya kupima ardhi. Nilipokuwa bado kijana, tulitumwa siku moja kuweka mawe ya mipaka katika shamba lililouzwa karibu na ufuo. Tulikuwa tukichimba shimo la jiwe la tatu pale alipotokea mama mmoja mtu mzima, ndoo kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimama akilitazama lile shimo kwa muda mrefu kabla ya kuniuliza: “Mwanangu, ukuta ukijengwa hapa, mimi nitapita wapi kwenda kisimani?” Niliifungua ramani nimwonyeshe njia. Hapakuwa na njia. Tena hapakuwa na kisima. Kisima chenyewe nilikiona kwa macho yangu, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama, kimejengewa kwa mawe ya matumbawe, na ukingo wake umelika mifereji kwa kamba za watu waliokwisha kufa zamani. Lakini katika karatasi niliyoishika mkononi, mahali pale palikuwa peupe. Sikuwa na jibu. Tuliendelea na kazi, ukuta ukajengwa, na kina mama wa upande ule wakaanza kuzunguka mbali kutafuta maji ambayo mama zao waliyateka karibu na milango yao.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mnunuzi. Baadaye, kadiri nilivyoizoea kazi ya rejista, nilianza kuelewa kwamba yeye alikuwa amefanya sachi yake, yaani kuikagua rejista ya ardhi, kama inavyotakiwa, na sachi haikumwonyesha kisima chochote. Kosa lilikuwa limezaliwa zamani, siku ile shamba lilipopimwa mara ya kwanza na hakuna mtu aliyejitokeza kusema: hapa kuna maji ya watu. Kila mtu alijua, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyeona haja ya kuandika. Ndiyo sababu ninalowaambia leo ni jambo moja tu, ingawa nitalieleza kwa njia nyingi: mahali hulindwa kabla hapajatamaniwa na mtu mwingine. Siku mnunuzi anapofika na karatasi zake, kumbukumbu zetu, hata zikiwa za kweli kiasi gani, huhesabiwa kuwa malalamiko.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine wote, maana tumekwisha kulilipia. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi, ambao wakati huo ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar chini ya usimamizi wa Waingereza, ayapeleke madai yake kwa ofisa aliyewekwa ndani ya muda uliotajwa. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa utaratibu ule ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Waliojua kusoma, waliokuwa karibu na mji na waliokuwa na watu ofisini waliandikisha. Waliokuwa wakilima na kuzika wafu wao katika ardhi ile ile kwa vizazi, wakiwemo Mijikenda wengi, hawakuandikwa. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Taji ikawa ardhi ya serikali, ikagawiwa kwa wale waliokuwa karibu na wagawaji, na wajukuu wa wenyeji wakaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 iliyachambua magawio haramu ya ardhi ya umma katika nchi nzima; mwenye subira aisome, ataona jinsi viwanja vya shule, vya hospitali na vya masoko vilivyokuwa vyepesi kunyakuliwa pale ambapo hakuna aliyekuwa na hati mkononi.

Sasa tuangalie tulicho nacho. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya jamii, na ndani yake inataja kwa uwazi ardhi ambayo jamii huishika, huisimamia au huitumia kama misitu ya jamii, maeneo ya malisho au mahali pa matambiko. Naomba wazee wa kaya walisikilize neno hilo la mwisho: matambiko yamo ndani ya Katiba. Kifungu cha 62 nacho kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na kwa hiyo mchanga ule mnaotandaza nyavu zenu, maji yanapopwa, hauwezi kuwa wa hoteli wala wa mwenye jumba. Lakini Kifungu hicho hakiwapi njia ya kuufikia. Mtu anaweza kuwa na bahari iliyo ya umma mbele yake na asiwe na pa kupita, na hilo ndilo linalotukuta sasa, ukuta kwa ukuta, kutoka Diani kushuka kusini.

Swali la kwanza basi, kabla ya fomu yoyote, ni hili: mahali hapa, katika vitabu, ni pa nani? Jibu huwa moja kati ya matatu, na kila jibu lina mlango wake.

Ikiwa ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishikilia kwa niaba yetu tu, haiwezi kuiuza wala kuigawa kama yake, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inatupa njia ya kuisajili kwa jina letu. Jamii huitwa kwa tangazo, wanachama huorodheshwa, mkutano hukaa na kuchagua kamati ya usimamizi yenye watu wasiopungua 7 na wasiozidi 15, jina la jamii husajiliwa, kisha ardhi hupimwa na hati hutolewa. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba jamii iliyosajiliwa inaweza kutenga ndani ya ardhi yake maeneo ya kazi maalumu, kama vile hifadhi ya mazingira, makazi na turathi za kitamaduni. Maana yake ni kwamba hatulazimiki kuomba ulinzi wa kila mti na kila kaburi peke yake. Tunaweza kuuandika mpango wetu wenyewe, na mpango huo ukawa na nguvu.

Ikiwa ni ardhi ya umma, kwa mfano uwanja wa shule, zahanati, soko au makaburi ya wote, kazi yetu ni kuhakikisha kwamba imetengwa na kuandikwa kwa jina la taasisi inayoitumia, na kwamba imeonyeshwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inailazimu kaunti isikilize maoni ya wananchi kabla ya kuupitisha mpango. Tangazo la kukusanya maoni hubandikwa, siku hupita, na mara nyingi viti huwa vitupu. Mnawakumbuka watoto wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road, Nairobi, Januari 2015, waliofyatuliwa gesi ya kutoza machozi kwa sababu walikuwa wakiupinga ukuta uliozingira uwanja wao wa michezo. Nchi nzima iliona aibu, uwanja ukarudishwa, na baada ya pale kukawa na msukumo wa kuzipatia shule za umma hati za ardhi. Mimi nilipoziona picha zile sikuweza kuacha kujiuliza ni watu wazima wangapi, miaka mingapi kabla ya siku ile, walipita kando ya uwanja ule wakaamini kwamba shule haiwezi kuibiwa.

Na ikiwa ni ardhi yenye hati ya mtu binafsi, mlango haujafungwa wote, ingawa ni mwembamba. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya njia ya umma, na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo au eneo lenye thamani ya kihistoria kuwa mnara wa kitaifa, yaani mahali pa kumbukumbu panapolindwa na sheria, kwa notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na baada ya kutoa nafasi ya pingamizi. Tangazo la namna hiyo halimnyang’anyi mwenye hati umiliki wake. Linamzuia asibomoe wala kugeuza kile ambacho ni kumbukumbu ya wengi. Ndivyo magofu ya Gedi yalivyolindwa tangu mwaka 1927, yakadumu mpaka yakafika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kwa Waislamu kuna wakfu pia, utaratibu ambao babu zetu waliujua kabla ya ofisi yoyote ya ardhi kufunguliwa hapa: mtu alitoa kisima, duka au shamba lisiuzwe wala kurithiwa, na manufaa yake yaende kwa watu. Nawasihi wenye wakfu za familia zilizobaki katika maneno ya mdomo waende Mombasa, kwenye Tume ya Wakfu, wakaziandikishe wakati mashahidi wangali hai.

Ningependa kukaa kidogo juu ya kaya, kwa sababu hapo ndipo pwani yetu ilipoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kaya zilikuwa vijiji vyenye maboma ndani ya misitu, na hata watu walipohamia nje kulima, wazee waliendelea kuzitunza kama makao ya mizimu ya wahenga. Hukati mti, huchomi moto, huingii popote utakapo. Kanuni hizo zililinda msitu kwa karne nyingi bila mlinzi mwenye bunduki. Lakini bei ya ardhi ya ufuoni ilipopanda, ilionekana kwamba kanuni humzuia anayeziheshimu tu. Kuanzia mwaka 1992 kaya za Kwale na Kilifi zikaanza kutangazwa kuwa minara ya kitaifa, na Makavazi ya Kitaifa yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani kilichofanya kazi pamoja na wazee. Mwaka 2008 misitu 10 ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka uliofuata UNESCO ikaziorodhesha mila zinazohusiana na kaya kuwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Kaya Kinondo, hapa hapa kwetu, ni msitu mdogo wa hekta 30 hivi, umezungukwa na ardhi ambayo kila ekari yake ina mnunuzi anayeisubiri. Tangu mwaka 2001 wenyeji wamekuwa wakiwapokea wageni kwa utaratibu wao: mgeni hufungwa kaniki nyeusi, huelezwa asichoruhusiwa kufanya, huongozwa na mtu wa kijiji, na ada yake husaidia mahitaji ya wenyeji. Sheria imeuzungushia msitu ule mpaka katika karatasi, lakini kinachoufanya mpaka uheshimiwe ni kwamba kila siku kuna mtu wa kijiji anayesimama pale. Kwa upande mwingine tuna Kaya Chale, kisiwani, ambako hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990 huku wazee wakipinga. Sisemi hivyo kwa kuwatonesha kidonda wazee wa Chale waliopo hapa. Nasema kwa sababu Chale inatufundisha kwamba hata tangazo la serikali huweza kupindwa, na hupindwa kwa wepesi zaidi pale ambapo waliolinda ni wachache, wamezeeka, na vijana wao hawajaambiwa mahali pale ni nini.

Wenzetu wa Uingereza wana utaratibu mwingine, nami nautaja kwa sababu kuna jambo moja ndani yake la kujifunza. Sheria yao ya mwaka 2011 inaruhusu wakazi wasiopungua 21 wa mtaa mmoja, hata kama hawana chama kilichosajiliwa, wapendekeze kwa halmashauri jengo au kiwanja kiorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, iwe baa, maktaba, ukumbi au uwanja wa mpira. Likiorodheshwa, hubaki katika orodha kwa miaka 5, na mwenye nalo akitaka kuuza ni lazima atoe taarifa. Jamii ina wiki 6 za kusema kwamba inataka kulinunua, na ikisema hivyo mauzo husimama hadi miezi 6 ili itafute fedha. Ivy House, baa moja ya kusini mwa London, iliokolewa kwa njia hiyo mwaka 2013 na watu wa mtaa waliochangishana. Utaratibu huo una udhaifu mkubwa, kwa kuwa mwenye mali halazimiki kuwauzia wao, na jamii isiyo na fedha hupewa miezi 6 ya kuhuzunika. Hata hivyo ninaupenda kwa kitu kimoja: unawalazimisha watu wa mtaa wakae chini, wakati hakuna ugomvi wowote, wajiulize ni mahali gani ambapo pakiondoka mtaa wao hautakuwa tena ule ule, kisha waandike ni kwa nini. Sisi tunaweza kulifanya hilo hata kabla sheria haijatuagiza.

Na ni kuandika hasa ninakotaka mnisikilize, kwa kuwa nimesoma maombi mengi ya namna hii, na mengi huanguka kwa sababu ya maneno matupu. “Eneo hili ni muhimu sana kwa jamii yetu tangu enzi za mababu.” Ofisa anayesoma sentensi hiyo hawezi kufanya nayo kitu. Andikeni mahali panatumiwa na nani, kwa kazi gani, siku zipi. Kama ni bandari ya wavuvi, semeni ni madau mangapi hutia nanga pale, samaki hupimwa wapi, kivuli cha kushonea nyavu ni cha mti gani, na mleteni katibu wa BMU, chama cha usimamizi wa ufuo, na madaftari yake ya mapato, kwani daftari la samaki la miaka 10 ni shahidi asiyeweza kutishwa. Kama ni makaburi, chukueni majina na koo. Kama ni msikiti wa zamani au nyumba ya mawe, pigeni picha za kuta, milango na maandishi, hata yaliyofutika nusu. Simu zenu zinaweza kuweka alama ya mahali. Tembeeni mpaka mzima mkiweka alama kila kona, halafu mpima ardhi mwenye leseni aje aithibitishe kazi yenu badala ya kuianza upya kwa gharama kubwa. Wazee wasimulie, vijana warekodi, na maelezo ya kila mzee yaandikwe na kutiwa sahihi au kidole gumba mbele ya wakili au hakimu. Mzee anapofariki na ushahidi wake haujaandikwa, mpaka mmoja hufariki naye.

Kuna jambo zito zaidi ambalo watu hupenda kulikwepa katika mikutano kama huu. Jamii ni nani? Nimeona ardhi ya jamii ikiuzwa, na waliouza hawakuwa wageni, walikuwa wanakamati. Sheria inataka uamuzi wa kuitoa ardhi ya jamii upitishwe na angalau theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa, na kinga hiyo ni nzuri, ila haina maana ikiwa orodha ya wanachama imeandikwa na watu wanne usiku. Kwa hiyo orodha yetu isomwe hadharani, jina kwa jina. Wanawake waingizwe kwa majina yao wenyewe, walioolewa kuja hapa na waliozaliwa hapa, bila kujificha nyuma ya majina ya waume au kaka. Yule mama wa kisimani hakuwemo katika orodha yoyote siku ile. Yeye ndiye aliyekuwa akikijua kisima kuliko sote, na hakuna aliyemwita. Vijana walioko Mombasa, Nairobi na Arabuni kwa kazi waandikwe pia, maana broka hupenda kuanza na kijana aliye mbali na mwenye shida ya nauli.

Kazi inaanza Jumamosi, na inaanza na njia ya bandarini. Tutakutana alfajiri kabla ya jua kuwa kali, wazee wawili watangulie, vijana wafuate na simu na kamba, na wenye mashamba yanayopakana na njia wamealikwa wote ili asije mmoja wao akasema hakuambiwa. Baada ya hapo tutapima uwanja wa mpira, halafu makaburi ya juu, na kaya tutaiingia kwa ruhusa na kwa wakati watakaoupanga wazee wenyewe.

Daftari liko pale mezani. Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuujaza kwa mkono wangu: nimeandika kile kisima kilichobaki nyuma ya ukuta, mahali kilipo, upana wa njia iliyokuwa ikikifikia, na majina ya kina mama watatu waliokuwa wakiteka maji pale na waliokubali kutoa ushahidi katika ombi letu la haki ya njia. Ukurasa wa pili haujaandikwa kitu, na kalamu imo ndani yake.